Kisanduku Kinachomziba Bibi

Ghorofa ya tatu, mlango wa kijani,
Nyuma ya maabara ya hospitali.
Jumanne, 14 Mei.

Mpendwa Babu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeketi barazani na si kitandani, na kwamba lile goti lako limeacha kutabiri mvua. Macho je? Matone unayaweka mwenyewe, au bado unamsumbua jirani yako fundi cherehani? Sisi huku ni wazima wa mwili. Uzima wa roho ni habari nyingine, nami nitakueleza.

Kwanza shule. Nimepata alama themanini na moja katika insha. Mwalimu wa lugha alisema ningepata zaidi kama nisingerukaruka, na kwamba barua njema huijibu kwanza ile iliyotangulia. Nisamehe basi, leo nitaanza na yetu. Barua yako ilifika Jumamosi, Mama akaipitia juu juu akiwa amesimama jikoni, akaitia katika mkoba wake wa kazini, na tangu hapo sijaiona. Akirudi leo nitaidai.

Sasa jambo lenyewe. Unajua kwamba Mama ameomba nafasi ya masomo ya maabara mara mbili, na mara zote mbili akaambiwa asubiri. Safari hii amepata! Katibu wa mkuu wao alimnong'oneza kwenye korido. Lakini barua yenyewe imetumwa kwa barua pepe yake ya kazini, na ni lazima aifungue na kuijibu kwa anwani hiyo hiyo kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Asipojibu, nafasi inakwenda kwa anayefuata. Karatasi hawaitaki, simu hawaitaki. Na barua pepe haifunguki.

Tarehe mosi wafanyakazi wote waliamriwa kubadilisha nywila, yaani lile neno la siri la kufungulia. Mama akabadilisha, na siku hiyo mambo yalikwenda vizuri. Kesho yake kompyuta ya nyumbani ikasema: "Jina au nywila si sahihi." Tukaandika upya, mimi nikisoma herufi moja moja na Mama akibonyeza. Si sahihi. Tukarudia. Ikasema: "Akaunti imefungwa kwa muda." Babu, sijawahi kuona kufuli linalojifunga lenyewe huku ufunguo umeushika mkononi.

Nilichukua kitabu cha kompyuta cha shule nikafanya kama kilivyoagiza. Nilikagua jina la seva, ile mashine ya makao makuu inayotunza barua za wafanyakazi wote, kama posta yenu ya zamani. Kila herufi ilikuwa mahali pake. Nikakagua namba zote na tiki zote za usalama. Nikaifuta programu ya barua na kuiweka upya mara mbili. Hasira zilinipanda hata nikaipiga meza, na meza haikuwa na kosa.

Kazini kwa Mama yuko fundi wa kompyuta ambaye wote humwita Zima-Washa, maana dawa yake ni hiyo moja kwa kila ugonjwa. Mama alimwendea.

"Dada, umezima?"

"Nimezima."

"Ukawasha?"

"Nikawasha."

"Basi ni vidole vyako hivyo."

Mama alimwambia kwamba vidole hivi huchukua damu ya mtoto mchanga na mtoto asiamke, kwa hiyo haviwezi kushindwa na herufi kumi na mbili. Lakini akaunti ilibaki imefungwa.

Kila asubuhi Mama hupiga simu makao makuu. Wao humpa namba ya malalamiko, humwambia asubiri, kisha huifungua akaunti saa wanayotaka wao bila kumwarifu. Wakati huo Mama ana glavu mikononi na watu wamejipanga mlangoni. Akivua glavu na kukimbilia kompyuta, dakika tano zimepita na imeshafungwa tena. Ni kama kumkimbiza kuku ndani ya chumba chenye milango minne.

Jana Mama alinifokea kwamba labda ni mimi niliyechezea mipangilio. Nilikwenda kukaa kwenye ngazi hadi macho yakakauka. Baadaye alikuja akaketi karibu nami, akaniegemezea kichwa chake begani. Kilikuwa kizito.

Leo mchana Zima-Washa ametazama kumbukumbu za seva kwa mara ya kwanza (angetazama wiki iliyopita!) akampigia Mama. "Dada, si vidole vyako. Kuna mashine nyingine inabisha hodi kwa jina lako kila baada ya dakika chache, na nywila inayoleta ni ya zamani. Ikikosea mara tano, seva inafunga mlango kwa wote, hata kwako mwenye nyumba."

Mama amenipigia simu kunieleza; anadhani ni mwizi. Nimepekua kila droo. Simu yake ya zamani ilikufa tangu mwaka jana. Kompyuta ya nyumbani nimeichomoa ukutani. Hakuna kingine humu chenye waya. Sijui tena nikague nini, Babu.

Mama amerudi sasa hivi. Barua yako ameniwekea mezani, nami naisoma ili niijibu kama Mwalimu alivyo

Jumatano, baada ya shule.

Babu, doa hilo hapo juu ni la wino. Kalamu iliniponyoka. Nakunakilia maneno yako mwenyewe:

"Kile kishikwambi mlichonipa nimekisimamisha juu ya kabati, kinanionyesha picha za Bibi yako mchana kutwa. Ila tangu mwezi uanze, kinatokea kisanduku cheupe kinamziba uso, kinadai sijui nini. Nabonyeza 'Jaribu tena', kinaondoka, baada ya kitambo kinarudi. Usijali, Stempu. Nimekuwa tarishi wa posta miaka thelathini na moja. Tarishi hageuki kwa hodi moja."

Babu, mwizi ni wewe.

Mama alikitumia kishikwambi hicho kazini kabla hajakupa. Alifuta nyaraka zake zote, lakini akasahau kuondoa barua pepe, na humo imebaki nywila ya zamani. Kila unapomwondolea Bibi kisanduku usoni, kishikwambi kinakwenda kugonga makao makuu, na mlango unafungwa huku kwetu. Si kosa lako hata kidogo. Mama anasema ni lake.

Jana hiyo hiyo alimpigia fundi cherehani akamwomba aje kwako na simu, akuambie ukizime. Yaliyofuata unayajua. Ulikitia kishikwambi chini ya mto, ukaukalia mto, ukasema: "Mwambie huyo tapeli sauti ameipatia, lakini binti yangu halii kwenye simu." Fundi cherehani alicheka hadi akashindwa kuongea. Mama alikuwa analia kweli, Babu. Kisha naye akacheka, maana ni yeye aliyekufundisha mwaka jana kwamba mtu yeyote akikupigia kuhusu mashine hiyo usimsikilize, hata akiwa na sauti yake, na kwamba la muhimu atakuandikia. Umefanya kama ulivyoagizwa. Sisi ndio tuliofungiwa nje na agizo letu.

Basi tunakuandikia. Barua hii anaibeba dereva wa gari la magazeti, atakukabidhi mkononi kesho alasiri. Tafadhali fanya jambo moja tu. Ubavuni mwa kishikwambi, upande wa kulia, kuna kitufe kirefu. Kishikilie bila kuachia. Ukiulizwa kama unataka kuzima, kubali. Kioo kikiwa cheusi kabisa, kiache hivyo. Usibonyeze "Jaribu tena", hata mara moja ya kuaga. Picha hazitapotea. Shule zikifungwa nitakuja mimi mwenyewe kuitoa hiyo barua pepe, na Bibi hatazibwa tena.

Ijumaa saa tatu makao makuu wameahidi kufungua mlango, na Mama ameomba ruhusa ya saa nzima akae mbele ya kompyuta bila glavu. Zima-Washa atasimama nyuma yake. Amekatazwa kusema neno lolote linaloanza na zima.

Najua ninachokuomba. Nyumba yako itakuwa kimya kwa siku kadhaa bila uso ule, na kwa mtu anayekaa peke yake si jambo dogo. Kwa hiyo ndani ya bahasha utakuta picha. Ni ile ambayo Bibi amevaa kofia yako ya posta, imemshuka hadi kwenye nyusi, anacheka. Mama huwa haitoi mkobani kwa mtu yeyote, hata mimi nimeiona mara mbili tu. Asubuhi hii ameitoa mwenyewe. Igeuze uone nyuma: pana mwandiko wa Bibi, na huo hakuna tapeli anayeuweza. Ndivyo utakavyojua kwamba ni sisi.

Isimamishe pale pale juu ya kabati. Haihitaji umeme, Babu, na hakuna kisanduku cha kumziba.

Mama anakusalimu na anaomba radhi kwa kulia kwenye simu. Nisalimie fundi cherehani, umwambie sketi yangu ya shule inamngoja. Mungu akuongezee siku, akupunguzie maumivu ya goti, na akufungulie kila mlango unaoubisha, isipokuwa huu mmoja, hadi Ijumaa saa sita.

Mjukuu wako akupendaye, asiyebanduka,

Stempu