Mstari wa Lami Kwenye Nguzo Yangu

Hillat Sunut,
Khartoum Bahri.
22 Septemba 2020

Mpendwa ndugu yangu Khojali, mtoto wa ami,

Assalamu alaykum warahmatullah. Hujambo wewe, na goti lako la kushoto halijambo? Mkeo Zeinab anaendeleaje na kifua? Huko El Obeid mnakochimba maji kama wachimba dhahabu, mvua imewafikia? Sisi imetufikia. Tumepata yetu, tumepata yenu, na ile waliyoibakiza Wahabeshi imeteremka yote mlangoni petu. Lakini tu wazima, alhamdulillahi. Hilo neno "wazima" nimeliandika polepole, maana wiki tatu nyuma nisingethubutu.

Barua hii naiandika kwa mkono wangu. Mjukuu wangu Salwa alitaka kuniandikia, nikamkatalia. Herufi zangu ni zile za chuo cha Kurani, zinakwenda kama mbuzi wazee, ila humu mna jambo tulilolijua watu wawili tu, na mmoja ni wewe. Kaa chini kwanza.

Unakumbuka gharika ya mwaka themanini na nane? Nyumba yangu ya udongo ilisimama, na nani mwingine mtaa huu aliyejua kukanda udongo kama mimi? Hakuna, mpaka leo. Lakini jirani yetu Wad Nimir, yule fundi cherehani, akawa anapita akisema ukuta wake ulivumilia maji mengi kuliko wangu. Mchana mmoja watu wamelala, mimi na wewe tukachukua lami ya mashua. Wewe ulishika kopo. Nikachora mstari kwenye nguzo ya lango langu, ile ya matofali ya kuchoma, dhiraa nzima ya mkono wangu juu ya pale maji yalipofika kweli. Tulicheka mpaka ukashika mbavu.

Basi mstari ule ukakaa. Watoto wakazaliwa wakaukuta, wakakua wakiuapia. Nami nikazoea kuusimulia, mwisho ukawa kama kweli.

Miaka mitatu iliyopita akaja Ihlam, binti wa marehemu Daleel aliyekuwa akiuza maharage ya ful kivukoni. Amesomea kuchora majumba. Wakati ule walikuwa wakitutisha kwamba sisi wa ukingoni tutahamishiwa kule jangwani, kila mtu kivyake, kwa kuwa mto hautuachi. Ihlam akasema, "Hamhami. Tutajenga hapahapa, kwa udongo wetu na mikono yetu, nyumba ambazo mto utapita chini yake."

Nilipoiona michoro yake nilimcheka. Nyumba zimeinuliwa juu ya matao ya mawe, nne zinatumia ngazi moja, milango inatazamana, na katikati, huko huko juu, ua mmoja mkubwa wa wote. Nikamwambia, "Mwanangu, nyumba yenye miguu ni kuku."

Akanijibu, "Ndiyo, ami. Na kuku alizama lini?"

Wanawake walicheka vibaya sana. Nikaapa sitahamia.

Sasa sikiliza. Alikuwa akiuliza kila mzee maji ya themanini na nane yalifika wapi, apate kujua sakafu aiweke wapi. Huyu anasema gotini, yule kiunoni. Karatasi za ofisini zina namba yao. Ihlam akaja akasimama mbele ya nguzo yangu, akaupapasa ule mstari kama mtu anayepapasa paji la mgonjwa. "Karatasi ziliandikwa na watu wasiokuwepo," alisema. "Huu uliandikwa na aliyekuwepo. Sakafu itakaa hapa."

Khojali, ningefanyaje? Niseme, Wad Nimir amesimama pale pale? Nikamkaribisha kahawa.

Ile dhiraa yangu ikawa kazi ya watu. Kila nyumba iliongezewa matofali mia nne, ya udongo na chokaa kidogo, ya kushindilia kwa mkono, na nyumba zilikuwa thelathini. Nikawaona wajane wakishika viuno. Nikamwona Bibi Sittana, na umri wake ule, akibeba mawili mawili kichwani kwa ajili ya uongo wangu. Nami nimekaa langoni nikinywa kahawa na kuwakosoa namna wanavyokanda udongo. Mara mbili nilinyanyuka niende kusema. Mara mbili nikarudi kukaa.

Zikaisha, wakahamia. Batul mke wangu akahamia na Salwa, mimi nikabaki peke yangu kwenye nyumba yangu ya zamani. Wakati wa kiangazi chini ya matao kukawa na soko la mboga, wauza kahawa, watoto, hata harusi mbili. Nikitaka kunywa kahawa nzuri sharti niende huko. Nilikwenda, lakini nilikwenda nimenuna.

Mwaka huu mto ulikuja na rangi nisiyoijua, na mimi rangi za mto huu nazijua zote. Tulikesha ukingoni kwa zamu na magunia ya mchanga kama walivyofanya baba zetu, haikusaidia. Asubuhi moja ukuta wangu wa nyuma ulikaa chini kama ngamia, taratibu, bila kelele. Maji yakanifika mapajani. Wad Nimir yuko juu uani, ananiona.

"Tajelsir!" akaita. "Panda! Au unangoja mto ukuombe radhi?"

"Nafunga mlango!"

"Mlango wa nini, mwehu wewe? Nyumba iko wapi?"

Alishuka ngazi yeye mwenyewe, na zile mvi zake, akanivuta kwa kanzu.

Siku nne tulikaa juu ya maji. Mto ulipita chini yetu, unanguruma kwenye matao, na nyumba hazikutikisika. Wanawake walipika ugali wa asida kwenye chungu kimoja, tukala kaya thelathini na wale wa mitaa jirani tuliowavuta kwa kamba. Mimi sikula. Nilikuwa naitazama nguzo yangu iliyobaki peke yake majini, na maji yanaufuata ule mstari. Tofali kwa tofali. Yakapita pale yalipofika kweli themanini na nane. Yakaendelea kupanda. Vidole vinne chini ya lami, yakasimama.

Vidole vinne, Khojali. Bila ile dhiraa, mto ungelala vitandani mwa wote. Nikasujudu pale pale uani, pakiwa na maganda ya vitunguu. Mungu gani huyu, anayechukua majivuno ya mjinga na kuyafanya sakafu ya wajane?

Nikasimama nikawaambia wote. Nilidanganya, mstari niliuchora juu. Unajua walifanya nini? Walicheka! Wad Nimir akasema, "Sikilizeni! Sasa eti hata uongo wake ndio uliotuokoa. Mzee huyu hana haya!" Batul akaniambia nikale, njaa imenipanda kichwani.

Ihlam peke yake hakucheka. Maji yaliposhuka alinipa kopo la lami, nichore alama ya mwaka huu kwa safu ya nyumba zinazofuata. Nilichora pale pale lilipofikia tope, si unywele juu. Kisha akaukamata mkono wangu, akaupima kwa futi yake, toka kiwiko hadi ncha ya kidole, akaandika daftarini. "Safu mpya tutaongeza hii juu ya alama," akasema, akaenda zake.

Sasa naishi ngazi ya tatu, mlango wangu unatazamana na wa Wad Nimir. Nakuomba uandike ushuhuda wako kuhusu lile kopo, nimsomee, maana mpaka leo haamini kwamba nilidanganya. Batul na Salwa wanakusalimu, nawe nisalimie Zeinab na wajukuu wote. Mwenyezi Mungu akupe mvua ya kiasi na akutie nguvu gotini.

Wako akupendaye, mwenzio wa lami,
Tajelsir wad Hamadnallah