Kulwa na Doto wa Ilembo

Mpanda, Jumatano jioni, masika ya 1998

Mvua imenyesha tangu asubuhi na bado inanyesha.

Leo programu yangu ya kwanza ya kompyuta imekubali. Sista anayenifundisha pale zahanati ya misheni alinipa orodha mbili: watoto waliopata chanjo ya kwanza, na waliopata ya pili. Nitafute waliomo kote kote. Nikaiagiza mashine: shika jina moja la huku, lipitishe kwenye majina yote ya kule, likifanana liandike, kisha rudi ushike linalofuata. Waliomo kote kote wamemaliza. Waliobaki, gari litawafuata mitaani, likianza na kwetu Ilembo kesho asubuhi. Karatasi ikatoka, Sista akapiga makofi. Kusema kweli kichwa kilinivimba.

Nikarudi nyumbani naimba.

Jirani yetu Mama Kulwa, mwenye mapacha, alikuwa barazani anakinga maji ya mvua.

"Eti gari linakuja kesho? Wanangu umewaandika?"

"Wale wameshamaliza, mama. Nimewaona kwenye kompyuta."

"Wamemaliza lini, we Rehema? Siku ya chanjo ya pili si walikuwa na homa, nikageuza nao njiani?"

Nikaanza kuyapitia majina upya kichwani. Wasukuma wakijaliwa mapacha hawahangaiki na majina: wa kwanza Kulwa, wa pili Doto, basi. Baba yao ni Masanja, na akina Masanja hapa wamejaa. Kumbe kuna Kulwa Masanja wa Ilembo na Kulwa Masanja wa Makanyagio, mtaa wa pili, na aliyerudi kuchanjwa, yeye na Doto wake, ni wa Makanyagio. Mashine iliona jina ikaridhika. Mimi niliyekulia ukuta kwa ukuta na watu hawa nikaridhika nayo.

Naogopa. Sista ameshanisifia kwa daktari. Nikisema, huenda nisiiguse tena ile kompyuta. Nisiposema, gari litapita mlangoni kwa watoto niliowabeba mgongoni mwenyewe.

Nitasema. Alfajiri nitakuwa getini kabla gari halijawashwa. Jenereta la kuwashia kompyuta litakuwa bado limezimwa, kwa hiyo nitalinganisha kwa kalamu, na safari hii nitaangalia na jina la mama.

Nilidhani nikishaamua nitatulia. Ila nimekumbuka kitu: kwa Wasukuma, mtoto anayefuata mapacha huitwa Shija. Kila nyumba ya mapacha.

Akina Shija wangapi wamo kwenye ile karatasi ya waliomaliza?