Jagi la Maji Liko Mlangoni

Baba Nilgün,

Supu ya dengu iko jikoni, ipashe moto tu. Paka ameshakula, asikudanganye.

Asubuhi hii umeninunia mbele ya majirani kwa sababu nimefuta misikiti miwili kwenye ratiba yako ya ziara yetu ya mji wa Edirne. Mume wangu, safari umeipanga vizuri, ila umesahau kwamba watu hula! Majirani, kina Perihan, wanataka kukaa chini, kula maini ya kukaanga na kucheka. Nawe ukasema, "Basi nendeni, matumbo yenu yawaongoze," ukajifungia chumbani.

~~Baki huko huko.~~ Hapana, hilo nimelifuta. Na msikiti mmoja nimeurudisha.

Jagi nimelijaza, liko mlangoni. Basi letu la safari haliondoki bila kumwagiwa maji nyuma, kama ilivyo desturi, ili twende na kurudi salama. Wewe hujawahi kumnyima hilo hata mgeni. Dereva nimemwambia asubiri. Najua utavaa viatu ushuke nalo.

Ukifika chini, mpe jagi muuza mikate wa hapo mtaani amwage yeye, wewe panda basi. Koti lako usilitafute kabatini. Limekaa kwenye kiti cha dirishani, ubavuni kwangu.

Mama Nilgün