Kompyuta Bado Inasema Utarudi Jumamosi

Mwanangu Adikini,

Mpaka juzi kompyuta yako ilikuwa bado inasema umekwenda hospitali Tororo na utarudi Jumamosi. Tulikuzika nyumbani Mukuju mahindi yakiwa machanga, sasa tumeshayavuna, na mtu akiandika jina lako alikuwa anajibiwa vilevile. Watu waliniomba niyabadilishe maneno hayo. Sikuweza. Uliyaandika mwenyewe, umesimama, mkoba begani, huku nikikuhimiza kwamba gari litatuacha.

Nakumbuka ulipomaliza chuo ukaja na ile kompyuta kuukuu. Nilisogeza vitenge vyangu nikakupa kona ya duka, nikijua utachapa barua na kutoa kopi kama wenzako. Ulichapa, ndiyo, lakini wateja wakipungua ulirudi kwenye mambo yako, mistari mifupi mifupi, ukijisemesha. Nilipouliza ni nini, ulisema, "Mama, hapa Busia mtu akimtafuta mwenzake anazunguka mpaka miguu inavimba. Mara yuko Uganda, mara Kenya, mara ameshuka Malaba. Natengeneza kitu cha kuulizwa."

Ukanieleza seva kwa namna ambayo hata mimi niliielewa. "Ni kama wewe. Inakaa dukani, haitoki. Mtu akija na jina, inatazama, inamjibu, halafu inamngoja mwingine." Ile ndogo ya kuulizia, uliyoiita klayenti, ukaipeleka hotelini kwa Mama Nekesa, yule anayevuka kutoka Kenya kila asubuhi kuja kutupikia chai. Ulipitisha waya juu ya mabati, nami nikashika ngazi nikiomba Mungu.

Siku ya kwanza ulituletea aibu. Ulikuwa umewaandikisha watu kwa majina ya vitambulisho, na nani mpakani anaitwa kwa jina la kitambulisho? Mteja akaandika Mama Nyanya, kompyuta ikajibu: Hakuna mtu huyo. Mama Nekesa akalisoma jibu hilo kwa ile sauti yake, hoteli nzima ikasikia. Punde si punde Mama Nyanya mwenyewe aliingia dukani, beseni la nyanya bado kichwani.

"Adikini! Hii sanduku yako nasema mimi hakuna? Mimi nalala hapa, nakula hapa, leo watu ya hoteli nanipa pole!"

Mama Nekesa alikuwa amemfuata, anajifuta machozi ya kicheko. "Nyamaza, mwenzangu. Matanga tutachanga, wewe leta nyanya tu."

Ulicheka mpaka ukakaa chini. Kisha ukamwomba Mama Nyanya msamaha vizuri, kwa magoti, kama nilivyokufundisha, ukamwuliza anaitwaje huku na anaitwaje ng'ambo. Kumbe ana majina matatu. Ukaitengeneza upya, lolote kati ya hayo limfikie yeye. Na lile jibu baya ukalifuta. Tangu hapo, isipomjua mtu inasema: Jina hilo bado sijalifahamu, nitajie jingine analoitwa. Nilikwambia hayo ndiyo maneno ya mtu aliyelelewa. Ulinibusu kwenye paji la uso, ukarudi kazini.

Kitu kimoja hukukubali kukibadilisha. Ulisema mtu aeleze mwenyewe aliko, asisemewe. Wasiojua kuandika walikunong'oneza, ukaandika kama walivyosema, hata makosa. Yule mvunja fedha aliandika kwamba yupo ila kwa wanaomdai hayupo. Mimi uliniketisha, nikatafuta herufi kwa kidole kimoja kama kuku anayedonoa, nikaandika: Niko dukani, vitenge vipya vimefika. Ukasema, "Mama, hilo ni tangazo!" Nikakuambia, "Sasa niseme uongo? Si vimefika?"

Vidole vyako vilikuwa vyembamba. Ulikunywa chai ikiwa imepoa kabisa. Siku hizi najikuta nimeimimina nikaiacha, halafu sijui nimpe nani.

Wiki iliyopita alikuja kijana kutoka ng'ambo kuchapisha kadi za harusi yake. Uliwahi kumchapia dada yake, akataka wewe tu. Alisoma jibu hotelini, akaja kuketi kwenye benchi letu. Ilikuwa Jumamosi. Niliona anavyotazama barabara kila gari likisimama. Nikampa chai, nikampa ndizi, nikamwuliza habari za bibi harusi. Habari zako sikumwambia. Akangoja mpaka nikafunga duka, akaniaga kwa adabu, akasema labda gari limekuharibikia njiani. Nikaitikia labda.

Nilipofika nyumbani niliona haya, mwanangu. Nilitaka maneno yako yabaki, na yakamketisha mtoto wa watu bure.

Basi jana nilimwita Akumu, mwenzako wa chuo. Alifungua faili lako, akaniuliza alifute jina lisionekane tena. Nikasema hapana. Ulitengeneza kitu cha kumwambia mtu mwenzake yuko wapi, na wewe uko mahali. Akumu akaniandikia maneno yako ya Tororo kwenye karatasi nikayaweka ndani ya Biblia, kisha akanipisha kiti. Nilichukua muda. Niliandika hivi:

Adikini alifariki. Amelala Mukuju nyumbani kwao, nyuma ya jiko, karibu na bibi yake. Shuka kwenye senta, pale penye maduka, uliza kwa Mama Adikini, mtu yeyote atakuonyesha. Njoo mchana, utakunywa chai.

Tukaenda hotelini kujaribu. Mama Nekesa mwenyewe aliandika jina lako, akaanza kusoma kwa sauti kama kawaida yake, akafika katikati sauti ikakatika. Mama Nyanya, ambaye hajui kusoma, akamgonga bega: "Maliza, dada. Nasema iko wapi?" Akamaliza. Kisha Mama Nyanya akashusha beseni, akaniuliza, "Gari ya Mukuju tunapanda wapi?"

Tunakuja Jumapili baada ya misa, mwanangu. Kijana wa kadi naye nimempelekea habari, amesema atakuja na mchumba wake. Nitatangulia kufagia mpaka pale ulipo. Lala, tutakukuta.

Ni mimi mama yako, niliyekushikia ngazi.