Mapovu Kwenye Mtungi wa Wanjiru

Jumatatu, mtaani Mbotela. Mawingu mazito, mvua bado haijaamua.

Mimi nina miaka sitini na mitatu. Nimewazika manyapara wangu wote, nimemzika mke wangu, na ule mtungi wa gesi uliolipuka Shauri Moyo uling'oa paa la karakana, mimi haukunigusa. Kwa hivyo mtu asiniambie naogopa maji.

Naandika polepole. Kusoma nimeanzia gumbaru, darasa la watu wazima, nikiwa na mvi. Lakini naandika.

Leo asubuhi tumeshuka basi kutoka Pwani, mimi na binti yangu Wanjiru. Tangu Ijumaa maneno aliyoniambia yanaenea kwenye kiganja. Sasa yuko chumba cha pili anapiga pasi, na hiyo pasi inatua mezani kama nyundo.

Ofisi yake mjini hupeleka watalii baharini. Ilimpa wiki moja Watamu, yeye na mtu wa kumsindikiza, ajifunze kuzama na mtungi wa hewa mgongoni, halafu aone magofu ya Gede, ndipo ajue kuwaeleza wageni. Alitaka kwenda na rafiki yake. Nikakataa. Nani hapa anajua mtungi kuliko mimi? Nimechomelea milango na vitanda kwa gesi tangu yeye hajazaliwa. Nikawatangazia majirani kwamba nitarudi na cheti.

Otieno, fundi mwenzangu, alicheka. "Wewe Kariuki, bafu la Kanjo la hapa mtaani linakutoa jasho, itakuwa bahari?"

Siku za kwanza niliwashinda vijana tuliofundishwa nao. Kuogelea nilijua tangu utoto, mito ya kwetu Murang'a si ya mchezo. Mwalimu wetu, Athumani, alisema chini ya maji kila mtu ana mwenzake wa kumwangalia. Mwenzangu alikuwa Wanjiru.

Ijumaa ndiyo ilikuwa siku ya mtihani wa mwisho. Tulipiga magoti kwenye mchanga, juu yetu maji marefu kama nyumba ya ghorofa mbili. Wanjiru akageuka kutazama samaki, nikaona mapovu. Si yale ya mdomoni, yale nilishayazoea. Haya yalikuwa madogo madogo, yanatoka pale mpira unaposhikana na mtungi.

Fundi wa gesi anajua hiyo ni nini. Kwetu tunapaka nati maji ya sabuni. Povu likitoka, gesi inavuja, na gesi ikivuja unafunga kwanza, maswali baadaye. Mkono wangu haukuniuliza. Ulikwenda wenyewe ukazungusha koki ya mtungi wake mpaka mwisho.

Nikajisikia fundi.

Wanjiru akageuka. Macho yake ndani ya kioo yalikuwa makubwa mpaka sikumjua. Akapitisha mkono shingoni, ile ishara tuliyofundishwa: hewa hakuna. Na mimi, badala ya kumpa yangu, nikaanza kumwonyesha kwa vidole kwamba nimeshamtengenezea.

Akanipiga kifua. Akaanza kupanda juu mbio, na tulikuwa tumeonywa kwamba kupanda hivyo kunapasua mapafu. Athumani akamdaka mguu, akatoa mpira wa hewa mdomoni mwake akamtia yeye, mkono wa pili unafungua mtungi.

Mimi nilikuwa nimepiga magoti pale pale.

Kwenye boti Athumani hakupaza sauti. "Mzee wangu, vile vipovu havikuwa na neno. Wewe ndiwe uliyemfungia roho." Akasema cheti cha binti atampa, changu atakiweka. Nikikitaka, nirudi na mtu atakayekubali kuzama nami.

Nikamjibu kwa ukali. Nikamwambia nati ilikuwa imelegea, na hata leo nasema ilikuwa imelegea. Lakini mpaka ufukweni sikumtazama Wanjiru usoni.

Jumamosi tulipelekwa Gede. Mji mzima wa mawe umesimama msituni, msikiti, jumba la mfalme, visima virefu, na wenyewe walihama zamani, sababu hakuna aijuaye kwa hakika. Nilitembea humo bila kusikia mtembezaji anasema nini. Wanjiru akainama kuchungulia kisima, nami nikamkamata gauni kwa nyuma.

"Baba, niachilie. Hapa sina mtungi."

Mtembezaji akacheka, akidhani ni mzaha.

Basi leo alasiri Otieno amebisha hodi. "Fundi! Umerudi mtu ama samaki? Toa hicho cheti tukione."

Ulimi wangu ulikuwa tayari na uongo: kinakuja kwa posta. Chumbani, pasi ikanyamaza.

Nikasema, "Sikupewa. Nilimfungia mtoto wangu hewa chini ya bahari. Karibu nimuue."

Otieno hakucheka. Aliketi, akauliza kwa sauti ya chini, "Mapovu yalitoka kwa nati?"

"Kwa nati."

"Hata mimi ningefunga."

"Basi nendeni nyinyi wawili mkafungiane!" Wanjiru alipiga kelele kutoka chumbani.

Otieno alicheka mpaka akakohoa. Mimi nilikuwa nasikiliza kama pasi itarudi. Haikurudi. Alipoondoka, Wanjiru akaja akasimama mlangoni, shati langu mkononi.

"Baba, Otieno umemwambia ulikosa. Mimi mbona hukuniambia?"

Nikaanza na nati. Nikaiacha. Nikasema, "Nisamehe, mama." Jina lake ni la mama yangu, lakini sikuwa nimemwita hivyo tangu alipokuwa mdogo.

Akanyoosha kola ya shati kwa kidole.

"Nikirudi baharini na wewe, mgongo wangu hugusi."

"Sigusi."

"Hata uone moshi."

"Chini ya maji moshi utatoka wapi?"

Mdomo ulimcheza kidogo, akaukaza. Hakusema ndiyo. Amesema atafikiria, akanitundikia shati kwenye kiti, akarudi kwenye pasi yake. Je, mimi ningekuwa yeye, ningezama tena na mzee kama mimi? Hilo sitaliandika.

Anayeona naongeza chumvi amwulize Otieno wa Shauri Moyo, aliketi hapa hapa. Athumani wa Watamu pia aliona kila kitu. Wanjiru anajua kuliko wote, lakini yeye asiulizwe mpaka aseme mwenyewe.