Nekesa Hanywi Maziwa ya Ng'ombe Yule

Jumapili, mwisho wa Julai, 1954

Mvua ilinyesha asubuhi, kisha jua likatoka kali. Tangu alfajiri njuga zinalia barabarani. Wavulana watakaotahiriwa mwaka huu wanazunguka kuwaalika wajomba na shangazi. Zamani nilizipenda njuga hizo. Leo nimezizibia masikio.

Nimemkumbuka Nekesa.

Kitanda chake kiko pembeni ya changu, hapa katika chuo chetu cha ualimu karibu na Bungoma, na hakuna aliyepewa. Jioni nikimaliza kusuka nywele mwenyewe, najua upande wa nyuma umekaa vibaya, maana yeye ndiye aliyekuwa akiusuka.

Wanyonyi, mwanafunzi mwenzetu, alimnajisi kwenye njia ya mtoni. Wenzake wakasimama njiani kulinda. Ni bakoki, yaani walitahiriwa msimu mmoja, na mukoki hamchongei mukoki mwenzake. Ndivyo wanavyosema.

Mkuu wa chuo alisema hilo ni jambo la wazazi. Chifu akasema ni la chuo. Mchungaji akasema tuombe. Mwishowe wazee wa pande mbili wakakaa, babake Nekesa akapewa ng'ombe wa maziwa, na kesi ikaisha. Wanyonyi yuko darasani, anajibu maswali ya hesabu. Aliyerudi nyumbani ni Nekesa.

Jumamosi, siku nane zilizopita, nilidandia lori la mahindi hadi Kitale, kisha nikatembea hadi sehemu iitwayo Kwanza, kwenye shamba la mzungu ambako babake ni seremala. Nilimkuta akipukuchua mahindi. Amekonda. Alinipikia chai ya maziwa, yake akaimimina ya rangi.

"Si unywe na maziwa kama mimi?" nikamwambia.

"Hiyo ng'ombe mimi sikuomba," akasema. "Mimi nataka mtu mmoja tu asimame huko, mbele ya watu, aseme ati Wanyonyi alikosa. Nikisikia hivyo narudi."

Nililia njia nzima.

Niliporudi chuoni nilimwendea kaka yangu Simiyu, ambaye anasoma hapa pia. Hakuwa mtoni siku ile, ila ni mukoki wao, na alijua. Nilimwambia maneno ambayo dada hamwambii kaka yake. Ninavyojua mimi, bakoki waliwekwa ili mtu akipotoka awepo wa kumtukana usoni naye asiweze kujibu. Sasa wao wameshika ile nusu ya kufichana tu. Simiyu aligeuka akaenda zake. Wiki nzima hakunisalimia, nami nikasema basi, nimempoteza na yeye.

Leo baada ya ibada ya chuo, matangazo yalipokwisha, Simiyu akasimama.

"Wanyonyi, mimi ni mukoki wako," akasema. "Hawa wengine wote wanaogopa kukwambia. Ulimkosea Nekesa. Na sisi tulionyamaza tulimkosea pia. Toka hapo ulipokaa na wasichana wa watu, bana, uende ukajibu."

Wanyonyi hakufungua mdomo, maana neno la mukoki halijibiwi, na laana yake inaogopwa kuliko fimbo ya chifu. Mkuu wa chuo akavua miwani, akasema kesho wataliangalia upya jambo lile. Wenzake Wanyonyi wakatoka nje. Chakula cha mchana Simiyu alikula peke yake, mpaka nilipochukua sahani yangu nikaenda kukaa naye.

Nilifurahi, na moyo ukaniuma palepale. Nekesa ndiye aliyetaka kusikia maneno yale, na hakuwepo.

Shuka zake nimezifua, zimekauka vizuri. Kesho nitaomba ruhusa ya kwenda kwake, na wakininyima nitaenda hivyo hivyo. Nitamwambia kila neno jinsi kaka alivyolisema, hata lile "bana".

Nikimaliza, sijui kama atafunga sanduku lake, au atanimiminia tena chai ya maziwa, na yake ya rangi.