Panya wa Mbao Mfukoni

Jumamosi, baada ya kula

Kwa hiyo nimemdanganya mke wangu kwa sababu ya panya wa mbao.

Nilimchonga mwenyewe awe chambo cha kuvulia, nikamtia ndoana na mkia wa ngozi. Zuhura alipomwona akaapa: "Samaki anayekula panya haingii jikoni mwangu!"

Leo alfajiri nilimburura panya juu ya maji, kule mto Thames unakokaribia bahari. Maji yaliporuka nilijizuia kuvuta mshipi, nikangoja nihisi uzito. Nikarudi nyumbani Ilford na samaki mnene aina ya besi!

Zuhura kampika kwa nazi, kala sahani mbili, ndipo akauliza nilitumia chambo gani.

"Kamba wabichi," nikasema.

Mungu anisamehe. Panya bado yumo mfukoni mwa koti nililoliacha chumbani, na namsikia Zuhura humo humo, anakusanya nguo za kufua.